Mzee wa matishari, Greenwich

Nilikulia Tanga enzi ambazo meli kubwa hazikufunga gatini. Zilitia nanga huko ghubani, na mizigo ikaenda na kurudi kwa matishari, mashua bapa za mizigo, yaliyovutwa na tagi, meli ndogo ya kuvutia. Baba alikuwa mtu wa tishari. Alipanga robota za katani, akakaa nazo majini akisubiri winchi ya meli izinyanyue. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, alivijua kama anavyojua siku za wiki. Lakini mjini wote waliitwa makuli tu, abebaye gunia na ajuaye bahari, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

London nilipata kazi katika nyumba ya kulelea wazee, kusini mwa mto Thames. Palikuwa na mzee mmoja mkimya, mwenye vidole vinene visivyokunjuka vizuri, ambaye alikuwa anasukuma sahani pembeni bila kula. Binti yake alituambia baba yao alikuwa lighterman. Wenzangu wengi walikuwa vijana, hawakuwahi kulisikia neno hilo. Nikamwuliza mwenyewe, akanijibu taratibu: meli inakuja na mzigo, yeye anaupokea kwenye tishari na kuupeleka mtoni hadi kwenye ghala la mwenyewe. Nikamwambia, "Mzee, hiyo kazi ya baba yangu." Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akataka kujua kama kwetu maji hupanda sana.

Basi siku moja ya masika, baada ya kuomba ruhusa, nilimpeleka Greenwich. Nilisukuma kiti chake cha magurudumu hadi kwenye vyuma vya ukingo, mbele ya majengo meupe ya chuo cha zamani cha wanamaji. Ng'ambo yalisimama maghorofa ya vioo ya Canary Wharf. Aliyanyooshea kidole, akasema pale chini ndipo ilipokuwa bandari ya West India Docks, na yeye aliingia na kutoka humo ujana wake wote mpaka ilipofungwa, 1980. Makontena yalikuwa yameshahamia Tilbury, karibu na bahari, na tishari halina kazi kwenye kontena linalopanda lori moja kwa moja.

Alinisimulia mengi mchana ule. Kazi yenyewe hukuingia hivihivi. Kijana alifungwa mkataba wa uanagenzi mbele ya wakubwa wa chama pale Watermen's Hall, mara nyingi chini ya baba yake mzazi, akatumikia miaka kabla ya kupewa leseni. Chama hicho kilianzia kwenye sheria ya Bunge ya 1555, kikiwa cha wapiga makasia wa abiria, na watu wa matishari wakaunganishwa nacho 1700. Tena walikuwa na haki moja aliyoitaja kwa fahari: sheria ya 1799 iliyoruhusu kujengwa kwa West India Docks iliyaachia matishari kuingia humo bila kulipa ushuru. Ndiyo maana mzigo mwingi wa London ulishushwa upande wa maji, haukupita gatini.

Zamani matishari hayakuwa na injini. Mtu mmoja au wawili, makasia ya futi 20 na zaidi, na chini yao makumi ya tani za mzigo. Nikauliza mtu anapigaje makasia na uzito wote huo. Akatikisa kichwa. Hukupiga kasia ili uende, alisema, maji ndiyo yaliyokupeleka. Kasia lilikuwa la kukuweka mahali pazuri kwenye mkondo, ukalipata tao la daraja bila kugonga nguzo. Ukikosea saa, unakaa kwenye matope mpaka maji yarudi. Nilimwona baba mbele yangu, amesimama mlangoni alfajiri, ananusa upepo.

Kisha akaniambia niangalie boya. Maji yalikuwa bado yanajaa, na boya lilikuwa limelala kuelekea mjini, povu likitambaa nyuma yake. "Sasa angalia hapa karibu," akasema. Chini ya ukuta, hatua chache kutoka tulipokuwa, kipande cha ubao kilikuwa kimesimama. Kikazunguka mara moja, kikaanza kurudi kuelekea baharini, huku katikati ya mto takataka zikiendelea kupanda juu. Maji hugeuka kwanza kandokando, alinieleza, na mtu mwenye tishari anayelijua hilo anatangulia mbele ya wenzake wote. Tulingoja. Boya likasimama wima, likayumba kidogo, halafu likalala upande wa pili.

Haukupita muda mrefu tagi ikatokea upande wa mjini, inavuta matishari yaliyopangwa makontena ya manjano. Ni taka za jiji, zinapelekwa kuchomwa Belvedere, na bado zinateremka na maji yakipwa. Mzee aliinua mkono. Kijana aliyekuwa nyuma ya tagi naye akainua wake.

Nilimwuliza kama aliwahi kubeba katani. Akasugua shingo pale pale, kwenye ukosi, akasema nyuzi zake zilikuwa zinaingia hapo na haziondoki hata ukioga. Inatoka wapi hakukumbuka. Nikamwambia Tanga. Akaniomba nilitaje tena, akalijaribu mwenyewe mara kadhaa.

Jioni ile alikula sahani yote na kuomba mkate. Kwenye daftari la zamu niliandika kwamba mzee apelekwe mtoni, na kabla ya kupanga siku mtu aangalie jedwali la maji, awe pale yanapogeuka. Kisha nikampigia simu kaka yangu Tanga, nikamwuliza kama makasia ya baba yapo. Akasema moja lipo, ameliegemeza nyuma ya jiko, na anataka kulichonga mpini wa jembe. Nikamwambia asithubutu.