Kila kangaruu na kwao

Matangazo yamebandikwa tena kwenye njia zetu za matembezi: baadhi ya hifadhi za hapa Canberra, mji mkuu wa Australia, zitafungwa usiku ili kangaruu wapunguzwe. Yaani wapigwe risasi. Majira ya baridi yakikaribia ni hivyo hivyo, na mtaa hugawanyika. Wapo wanaosema ni ukatili. Serikali nayo inasema wakiachwa waongezeke, nyasi za asili huliwa hadi chini, na wanaotegemea nyasi hizo, wakiwamo mijusi ambao sasa ni wachache mno, hukosa pa kujificha. Mimi niko upande wa mijusi, ingawa mbele ya jirani yangu hulimeza neno hilo.

Nilipomsimulia shangazi kwa simu, alishangaa kitu kingine kabisa.

"Hao si wanyama wa porini, mwanangu? Mjini wanatafuta nini?"

"Majani, shangazi."

"Na hakuna anayewafukuza?"

Hakuna. Mji huu ulijengwa juu ya nyika yao, vilima kama Mount Ainslie vikaachwa na miti yake, na katikati wenyewe tukaotesha viwanja vya mpira na gofu tunavyovimwagilia maji. Mchana wanalala kivulini. Jua likizama wanateremka kula. Ndiyo maana saa za magharibi huku dereva mwenye akili hupunguza mwendo.

Hawa wetu ni kangaruu wa kijivu wa mashariki. Wameenea upande wote wa mashariki wa Australia, kuanzia jimbo la Queensland hadi Tasmania, kisiwa kilichotengwa na bara pale bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu. Yule mwekundu, mkubwa kuliko wote, ambaye watu wengi humfikiria wakisikia jina kangaruu, hapa Canberra humwoni porini. Kwao ni bara ya ndani, nchi kavu. Nilimwona tulipokwenda Broken Hill, mbali magharibi, ambako udongo wenyewe ni mwekundu na mvua ni ya kubahatisha.

Huyo amenitawala mawazo tangu siku hiyo. Joto likizidi hulamba mikono yake ya mbele, mate yakikauka damu inapoa. Jike huweza kuwa na mtoto anayemfuata nje, mwingine kwenye mfuko, na kijusi tumboni kilichosimamishwa kukua hadi nafasi ipatikane. Ukame ukiwa mkali mno uzazi husimama kabisa. Mvua zikirudi, unaanza tena. Mnyama anayeishi kwa kufuata mvua hawezi kuwa na anwani moja.

Ila hata huko jangwani, mkono wa mtu upo. Wafugaji wamechimba visima na mabwawa kwa ajili ya kondoo na ng'ombe, na kangaruu wanakunywa humo humo. Tena kuna ule uzio mrefu, zaidi ya kilomita 5,000, uliojengwa kuwazuia dingo, mbwa mwitu wa huku, wasiwafikie kondoo. Upande ambao dingo ni wachache, kangaruu kwa kawaida ni wengi zaidi. Basi nikisikia mtu analalamika kwamba wamezidi, najiuliza uzio aliujenga nani.

Wengine nawataja kwa haraka kwa sababu sijawafikia. Wapo wa vilima vya mawe. Wapo wa savana za joto za kaskazini. Na wapo wa kijivu wa magharibi, wa ukanda wa kusini, ambao jamaa zao wako Kangaroo Island. Kisiwa hicho kilipewa jina na nahodha Mwingereza Matthew Flinders mwaka 1802, baada ya mabaharia wake wenye njaa kuwala wanyama hao waliokuwa hawajazoea kumkimbia mtu. Shukrani ya ajabu hiyo. Moto wa 2019 na 2020 uliteketeza karibu nusu ya kisiwa.

Ninaowatamani sasa ni wale wa juu ya miti. Shangazi aliposikia kuna kangaruu anayepanda mti alicheka mpaka simu ikakatika, lakini wapo: aina mbili katika misitu ya mvua ya kaskazini mwa Queensland, na nyingine nyingi ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha New Guinea. Kwa hiyo hata ule usemi kwamba kangaruu ni wa Australia peke yake unawadhulumu watu wa kisiwa hicho. Nyanda za Atherton, juu ya mji wa Cairns, ndizo rahisi kwangu kufika, na husemwa ni vizuri kuwatafuta usiku kwa tochi, maana mchana hujikunja kwenye matawi na kulala. Likizo ijayo nitaomba iangukie miezi ya ukavu. Majira ya joto huko kaskazini ni mvua tupu na ruba.