Jina kwenye Safu ya Wachanga

Karatasi yenyewe ilikuwa na safu nne: Wanaotafuta, Wachanga, Wanaokua, Wakomavu. Chini ya kila safu kulikuwa na alama za kumtambulisha mtu: anaomba mbele za watu, anashuhudia, ana kiu ya Neno, ana furaha ya wokovu. Sisi viongozi wa kikundi tulitakiwa kugawa majina ya watu wetu 17 kwenye hizo safu, kisha tumpelekee mchungaji ili ajue nani aingie darasa gani. Nia ilikuwa njema, na hadi leo sioni ubaya wa mchungaji kutaka kujua kondoo wake wanakula nini. Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba aliwanywesha maziwa kwa kuwa chakula walikuwa hawajakiweza. Mwandishi wa Waebrania anakaripia kabisa: kwa muda mliokaa, mngekuwa walimu sasa. Kwa hiyo hatua zipo. Mimi nilikuwa na miaka 26, mwaka wa nne tangu niokoke, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Tulikaa saa moja kabla ya ibada, mimi na mwenzangu, dada mmoja aliyenitangulia katika imani kwa miaka mingi. Majina mengi yalipita mbio. Huyu kaokoka juzi, mchanga. Huyu anaongoza sifa, anakua. Mimi nilijiweka kwenye Wanaokua, ila niliandika jina langu karibu sana na mstari wa Wakomavu, nikaona huo ndio unyenyekevu.

Tukafika kwa mzee.

Mzee huyu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Pambio likiimbwa, midomo yake ilicheza lakini sauti huisikii. Zamu yake ya kuomba ikifika, alisema Baba Yetu yote, taratibu, hadi amina, basi. Wiki mbili nyuma, wakati wa shuhuda, alisimama akasema, "Mimi siku hizi nikiomba sisikii kitu. Naomba tu." Akaketi. Kimya kikatanda, mpaka mtu akaanzisha pambio la furaha, tena kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

"Mkomavu," akasema dada.

"Kwa lipi?"

"Anakuja. Anapanga viti."

"Ukomavu si viti, dada."

Jibu hilo lilinikaa vizuri mdomoni, nikawaza kwamba siku moja nitalihubiri. Dada akanyamaza. Nikapitia alama moja moja: haombi kwa maneno yake, hashuhudii, na ile furaha ya wokovu kasema mwenyewe kwamba hana. Nikaandika jina lake kwenye Wachanga, chini ya kijana aliyeokoka mwezi uliopita.

Wino haujakauka, mzee akaingia na viti vinne, viwili kila mkono. Akavitua, akaiona karatasi mezani, akaiokota. Nadhani alifikiri ni orodha ya zamu za kuomba. Akaisogeza mbali na macho, akaanza kushuka na kidole. Kidole kikapita Wanaotafuta. Kikaingia Wachanga, kikasimama. Ukucha wa kidole kile ulikuwa umepasuka katikati. Nauona mpaka leo. Masikio yangu yakawaka moto.

"Hii inakwenda kwa nani?"

"Kwa mchungaji, baba."

"Lete kalamu."

Nikampa. Nilijua anakwenda kujifuta, na kwa kweli ningefurahi ajifute. Akainama, akaweka karatasi sawa kwa kiganja, akaandika polepole sana. Nilikuwa nimekosea jina lake, nimeweka r panapotakiwa l. Akaifuta ile r, akaandika l juu yake, kubwa.

"Andikeni vizuri," akasema, "asije akadhani ni mtu mwingine."

Akarudisha kalamu, akatoka kufuata viti vilivyobaki. Dada alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka.

Usiku ule nilifungua waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya pili, nikitafuta kitu cha kunitetea. Nilikumbuka kwamba pale mtume anataja watoto wadogo, vijana na akina baba, na hiyo ni ngazi nzuri kabisa. Kumbe nilikuwa sijawahi kuisoma kwa makini. Yohana anaanza na watoto, anaruka hadi akina baba, ndipo anarudi kwa vijana. Kisha anarudia yote kwa mpangilio uleule wa ovyo. Na anachowaambia! Watoto wamesamehewa dhambi, wamemjua Baba. Vijana wana nguvu, neno linakaa ndani yao, wamemshinda yule mwovu. Akina baba wamemjua yeye aliye tangu mwanzo. Anapowarudia mara ya pili unategemea awaongezee kitu, maana hao ndio wakubwa. Hawaongezei. Maneno ni yaleyale. Hakuna mahali anapowauliza kama wanasikia kitu.

Nilifunga Biblia nikiwa na wasiwasi, lakini karatasi sikuibadilisha. Niliipeleka vilevile, na ile l kubwa.

Mwaka uliofuata maombi yangu yalikauka. Sikuwa nimeanguka dhambini, ingawa nilijichunguza kama askari wa upelelezi. Nilipiga magoti, maneno yakatoka mdomoni yakaangukia palepale kwenye shuka. Nilifunga. Nilikesha. Nilitubu hadi dhambi ambazo sikuwa na hakika kama nilizitenda. Kikundini niliendelea kuomba kwa sauti kubwa, na hilo ndilo linaloniaibisha hadi sasa.

Katika kuhangaika huko nikakutana na maandishi ya Yohane wa Msalaba, mtawa Mkarmeli wa Hispania. Sisi wa kwetu hatukuwa wasomaji wa watawa, lakini mwenye kiu haulizi mtungi ni wa nani. Mtu huyu alifungwa na ndugu wa shirika lake mwenyewe huko Toledo, tangu Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578, kwa hiyo anapoandika kuhusu usiku wa giza wa roho, giza la chumba analijua pia. Anasema Mungu humlea anayeanza kama mama: humpakata, humnyonyesha maziwa matamu. Mtoto akikua, mama hupaka shubiri kwenye titi, humshusha mapajani ili ajifunze kutembea.

Shubiri! Nilisoma mstari ule mara tatu.

Anatoa pia alama tatu za kutofautisha usiku huo na uvuguvugu wa kawaida. Mtu haoni utamu katika mambo ya Mungu, wala hauoni katika kitu kingine chochote. Anaumia akidhani hamtumikii Mungu na anarudi nyuma, jambo ambalo mtu vuguvugu halimsumbui. Na hawezi tena kutafakari kwa kuvuta picha akilini kama zamani. Nilizisoma nikijitafuta mimi, lakini aliyekuja mbele ya macho yangu alikuwa mzee na viti vyake.

Nikaenda kwake jioni moja. Shikamoo, marahaba, nikashindwa pa kuanzia, mwisho nikauliza tu.

"Baba, ile hali uliyotueleza, ya kutosikia kitu. Ilianza lini?"

Akahesabu kwa vidole. "Huu mwaka wa kumi na moja."

Mimi nilikuwa na miezi mitano na nilijiona shujaa.

"Sasa unafanyaje?"

"Nasoma zaburi. Kila siku moja, kwa sauti. Nikifika mia na hamsini naanza upya."

"Leo ni ipi?"

"Themanini na nane. Bado sijasoma. Kaa."

Akasoma. Hakusoma vizuri, alikwama kwenye maneno marefu na kuyarudia. Zaburi ile inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu, halafu inashuka, inashuka, shimoni, kuzimu, na nyingi za kilio zikifika mwisho hugeuka zikasifu, lakini hiyo haigeuki. Inaishia gizani. Mzee akafika kwenye neno hilo, akaweka utepe, akafunga Biblia. Nilisubiri afafanue.

"Ndiyo imeisha?" nikauliza.

"Imeisha. Kesho themanini na tisa."

Akanisindikiza hadi mlangoni. Nilikuwa nimeshapiga hatua kadhaa nje aliponiita.

"Mwanangu, Alhamisi uwahi kidogo. Viti vimeongezeka."