Mwavuli mwekundu wa Bologna na macho ya Mama

Jirani yangu hapa Mamboleo, Kisumu, amepata visa ya Italia na sasa kila jioni ni kunitumia linki kwa WhatsApp, ati nimchagulie matembezi ya chakula ya Bologna, hii iko na nyota tano, ile pia iko na nyota tano, na mimi nyota nilishaacha kuziamini. Wacha niandike hapa mara moja halafu nimtumie yeye linki.

Tulienda mwaka jana mimi na Mama, dadangu alikuwa anamaliza chuo. Bologna ni mji wa wanafunzi, chuo chao wanasema kilianza 1088, na ukimaliza unavishwa taji la majani kichwani unazunguka nalo mjini watu wakikupigia makofi. Mama alilia kidogo kisha akalinusa akauliza kama hayo si majani ya pilau. Kumbe ndio yenyewe.

Sasa, mara ya kwanza nilibuki mwenyewe usiku nikiwa na usingizi, euro 85 kila mtu, karibu elfu kumi na tatu za kwetu, zidisha mara mbili ulie. Tukapata kiongozi (nikiandika gaidi mtanipigia polisi) ako na mwavuli mwekundu juu, watu ishirini na kitu nyuma yake, kila mmoja na kidude cha kusikilizia masikioni. Kila duka tukifika sahani zishapangwa, vipande viwili vya mortadella (soseji nene ya kwao), kajibini, kadivai kwa glasi ya plastiki, haya twende. Kwa masaa matatu nadhani moja lote liliishia kungojana choo.

Sasa Mama ameuza samaki soko la Kibuye miaka mingi, soko anaisoma venye wengine wanasoma gazeti. Duka la pili tu akanivuta mkono: "Nyathina (mwanangu), huyu hakuna mtu anamjua hapa." Nikamwambia Mama, lakini huja kila siku. Akasema, "Wanajua mwavuli." Nikaanza kuangalia na nikaona ni ukweli, muuzaji anasukuma sahani bila hata kuinua uso, hakuna salamu, hakuna utani, hakuna mtu anamuuliza watoto wanaendeleaje.

Ya pili ndio dadangu alitutafutia, kiongozi ni mama mmoja wa makamo, watu sita peke yetu, saa tatu asubuhi kabla jua halijakasirika. Tukaingia Quadrilatero, hivyo vichochoro vya soko la zamani karibu na Piazza Maggiore, na barabara ya kwanza ni Via Pescherie Vecchie, yaani ya wauza samaki wa zamani, na hadi leo samaki wapo wamelazwa kwa barafu. Mama akafunua mashavu ya samaki mmoja kuona kama bado ni mekundu! Mimi nataka kujificha. Muuzaji akacheka, akamchagulia mwingine amwonyeshe, kiongozi akaitwa atafsiri, tukasimama hapo karibu dakika ishirini wakijadili samaki wa bahari na ngege wa ziwa, na hiyo haikuwa kwa programu kabisa. Ukiwa na watu ishirini na mwavuli hiyo haiwezi tokea.

Kisha tukaonyeshwa mama anayesukuma unga, wanaitwa sfoglina, unga na mayai basi, na mti wake ni mrefu karibu mita moja, wa chapati ukae kando. Anasukuma hadi shuka nzima inafunika meza halafu anakata tagliatelle, yaani tambi bapa. Hawa watu hawachezi na hiyo kitu, tangu 1972 kipimo kimewekwa rasmi kwa ofisi yao ya biashara, ikiiva upana uwe milimita nane. Na ile spageti ya nyama ya kusaga tunayoita bolognese hoteli za hapa, huko ukiiuliza wanakuangalia tu. Ragu yao, yaani huo mchuzi wa nyama, inaliwa na tagliatelle.

Kwa hivyo jirani, kabla ulipe, uliza kwanza mko wangapi. Wakisema "kikundi kidogo" bila namba, hiyo ni ishirini. Kama ni nane kushuka, endelea kuongea. Uliza pia mnasimama kwa watu gani, na mnaanza saa ngapi, maana soko ni la asubuhi. Na jina la kiongozi ulijue, Italia hiyo ni kazi ya leseni, kuuliza sio ujeuri.

Na wewe ni Msabato, hii ndio nilikuwa nataka tuongee. Bologna ni nguruwe kila kona. Mortadella ni nguruwe, prosciutto ni nguruwe, tortellini ndani iko na nguruwe, hata hiyo ragu huwekwa pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe. Waandikie mapema, sio ukifika, na wakijibu "hakuna shida utaruka hizo" basi hesabu unalipa pesa yote kula jibini na mkate. Mzuri atakwambia atabadilisha vituo.

Usibuki Jumapili kama ni soko unataka. Sisi Kibuye Jumapili ndio siku yenyewe lakini huko vibanda vingi vimefungwa. Katikati ya Agosti pia mji unahama, wako likizo.

Mvua isikutishe, mji umefunikwa na vibaraza vya matao, fikiria veranda za maduka ya zamani ya Oginga Odinga Street lakini ziendelee mji mzima, kilomita na kilomita. Kuna moja inapanda mlimani hadi kanisa la San Luca, karibu kilomita nne, matao 666, Mama alihesabu hadi arobaini akaona ni heri ajiombee tu. Hiyo huhitaji mtu wa kukuongoza, ni miguu na maji. Na kama tangazo linakuahidi kupanda mnara wa Asinelli, ujue tangazo hilo ni la zamani, sisi tuliukuta umefungwa kwa sababu mnara jirani yake, Garisenda, unaegemea vibaya.

Yale matembezi ya bure ya kulipa mwishoni kwa hiari si mabaya kwa historia, tulitoa euro kumi kumi. Ila bure hiyo ina aibu yake, mtu amesimama mbele yako na mfuko wazi.

Dadangu anakuja Disemba na rafiki yake mmoja wa huko Bologna, anataka kuona Kibuye. Nilikuwa nimeanza kupiga simu nitafute kijana wa kumzungusha. Mama amesema niache hizo simu, ni Jumapili saa moja asubuhi, atamtembeza yeye mwenyewe, na mtu asilete mwavuli.