Mrenda wangu sasa unaota kwa pamoja

Kukua si shida ya mrenda. Shida yake ni kuota. Ukimwaga mbegu hivi hivi shambani, chache huchomoza wiki hii, nyingine mwezi ujao, na zilizobaki husubiri hadi umeshapanda maharagwe palepale. Mimi nalima karibu na Maseno, magharibi mwa Kenya, na nauza soko la Luanda. Mama anayenunua kwangu kwa jumla anataka mafungu yanayolingana, na mrenda wa vimo vitano haufungiki.

Kikwazo ni ganda la mbegu. Ni gumu na halipitishi maji upesi. Mama mkwe wangu husia mahali palipochomwa mabua, na kweli hapo huota vizuri, ila huwezi kuchoma shamba zima. Kwa hiyo natumia maji moto. Nachemsha maji kwenye sufuria, nayaepua, nangoja yatulie kidogo. Mbegu huwa nimezifunga kwenye kipande cha leso kuukuu. Nakichovya, nahesabu polepole hadi kumi, halafu moja kwa moja kwenye maji baridi. Ukizubaa hapo, mbegu zimeiva. Kisha nazianika kivulini hadi kesho yake zisishikane vidoleni. Mama mkwe alipoona alicheka: "Mama Faith, siku hizi mboga inapikwa kabla ya kupandwa?" Msimu uliofuata alinitumia mtoto na mbegu zake, nizichovye pia.

Mbegu ni kama punje za baruti, kwa hiyo nazichanganya na mchanga mkavu ndipo zisirundikane. Nachora mistari ya futi moja moja, juujuu tu, natia mbolea ya kuku iliyooza na kufunika kwa udongo mwembamba. Mvua ikiwepo, wiki haiishi kabla ya kuona mstari wa kijani. Palipokuwa na nyanya sipandi kabisa, maana minyoo inayovimbisha mizizi ya nyanya inaupenda mrenda vilevile.

Baadaye yaja maua. Ni madogo, ya njano, petali tano, na ukiyatazama vizuri utaona undugu wake na bamia na pamba. Kwa muuza mboga, hata hivyo, ua ni hasara: majani yanakuwa madogo na shina linageuka uzi. Uzi wa kweli, si mzaha. Mmea huu huu, Corchorus olitorius, hulimwa India na Bangladesh kwa ajili ya nyuzi za magunia, yale magumu ya kahawa. Tena mrenda huharakisha kuchanua siku zikiwa fupi, nasi ikweta inapita hapahapa Maseno, mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima. Hatuna msimu wa mchana mrefu wa kuuchelewesha. Dawa yake ni kuchuma vilele mapema, mmea ungali chini ya goti, na kurudia kila unapochipua matawi. Wanaong'oa na mizizi wanauza mara moja tu. Mimi nachuma mara kadhaa kabla sijaachilia.

Mstari mmoja wa pembeni siugusi, huo ni wa mbegu. Maganda yake ni marefu yenye mifereji, na yakikauka sana hupasuka yenyewe, mbegu zikapotelea ardhini. Kwa hiyo nayakata yakiwa yameanza tu kuwa ya kahawia, nayamalizia kwenye turubai, napiga kwa fimbo na kupepeta kwa ungo. Kazi hiyo naifanya mbali na zizi. Majani tunakula na kunde na munyu bila wasiwasi, lakini mbegu zina sumu inayodhuru moyo, na ng'ombe akila nyingi anaweza kufa. Makapi nayo nayatupa chooni, siyarudishi kwenye malisho, hata yakionekana hayana kitu.