Ungelishwa na nani

Leo Alhamisi, na kicheko cha Jumapili bado kinaniwasha kooni. Si kicheko cha watu. Changu mwenyewe.

Jumapili ilikuwa zamu yangu kuwakaribisha wenzangu wa kusoma, na mnajua kwangu maana yake ni kwa Shangazi: ukumbi wake, vikombe vyake, na tambi za kukaanga hakuna mwingine wa kuzipika. Kitabu cha mwezi huu kilikuwa Kindred cha Octavia Butler, cha mwaka 1979, ambacho Rehema alikipigia debe tangu Ramadhani. Kwa asiyekisoma: Dana ni mwanamke mweusi wa California, mwandishi, mumewe Mzungu. Siku anayotimiza miaka 26, Juni 1976, wako kwenye nyumba mpya wanapanga vitabu, kizunguzungu kinamkamata, akifumbua macho yuko kando ya mto huko Maryland, zama za utumwa, na mtoto wa Kizungu anazama. Anamtoa. Mtoto ni Rufus, mwana wa mwenye shamba, na haupiti muda Dana anafahamu kwamba Rufus huyu ni mzee wake, damu yake. Kila Rufus akitaka kufa, Dana anavutwa kule kumwokoa. Kila Dana akihisi roho yake ndiyo inatoka, anajikuta karudi kwao.

Mwanaidi, ambaye ni mhandisi na hilo hatusahaulishi, hakukipenda. Kurasa zote zile, akasema, na hakuna hata moja inayoeleza safari zenyewe zinafanyikaje. Mashine iko wapi? Nikamwambia Butler mwenyewe alikataa kisiitwe hadithi ya kisayansi, kwa sababu sayansi ndani hamna. Hakuridhika.

Shangazi alikuwa pembeni anapeta mchele. Kiingereza hajui, lakini nilikuwa nimemsimulia kitabu chote wiki nzima wakati wa kumkanda miguu, sura baada ya sura, isipokuwa mwisho. Akasema bila kugeuka, "Mashine ya nini tena? Huyo si kiti?"

Kwa wenzangu wa bara: kiti ni mtu anayepandwa na pepo. Hasafiri kwa kupenda, anatakwa. Shangazi akaendelea, "Kizunguzungu kimempata, kichefuchefu kimempata, kaanguka. Mwenye shida ni anayemwita. Nyie mmesoma mpaka chuo hamjaliona hilo?" Mwanaidi akatoa simu akaandika. Nilijivuna kama niliyesema mimi.

Laiti tungeishia hapo.

Rehema akasema yeye kilichomuudhi si mashine, ni huruma. "Mimi ningemwacha azame. Mara ya kwanza tu, pale pale mtoni." Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshachangamka na nataka watu wacheke, nikadakia, "Hata mie. Tena ningemsaidia kuzama." Nikacheka.

Shangazi, macho kwenye ungo: "Na tambi hizi ungelishwa na nani?"

Wote wakacheka, bibi kafanya mzaha. Nami nikacheka mara ya pili, na hicho cha pili ndicho kibaya.

Alisema "ungelishwa". Hakusema "mngelishwa". Tulikuwa wanawake watano pale, na Shangazi si mtu wa kukosea umoja na wingi. Labda alikuwa akimjibu Rehema, ndiye aliyeanza? Lakini mimi ndiye niliyemalizia, na Rehema wa Songea, tambi za Shangazi si urithi wake. Kisha kuna ule ungo. Mchele ulikuwa umeshapetwa, niliuona mweupe hauna hata chuya, lakini mkono uliendelea kupeta. Nimeirudia sentensi ile kwenye daladala, darasani, kwenye sijda, Mungu anisamehe. Wakati mwingine naisikia kama mzaha. Wakati mwingine sauti inashuka mwishoni, pale kwenye "nani".

Maana mimi nayajua. Si kwamba niliwahi kuambiwa. Kwetu huambiwi, unapitiwa na maneno vikombe vikisuuzwa. Mama yake Babu "alitoka bara". Huo ndio mwanzo na mwisho wa kisa chake. Baba yake Babu ana ukoo, ana shamba la mikarafuu Pemba, ana picha ukutani ya kilemba. Yeye katoka bara.

Nafundisha Historia. Kila mwaka naandika ubaoni: 1873 Sultani Barghash afunga soko la watumwa, 1897 utumwa waondolewa kisheria Unguja na Pemba. Watoto wananakili, wanapata maksi. Nisichoandika, kwa sababu mtihani hauulizi, ni kwamba masuria, watumwa wa kike waliowekwa na mabwana zao kama wake, waliachwa nje ya amri ile ya 1897, wakakaa hivyo mpaka 1909. Babu alizaliwa kabla ya 1909. Hesabuni wenyewe.

Kwa hiyo mtoto yule mtoni, kwa upande wetu, ana kilemba na yuko ukutani juu ya televisheni, na mimi nimesema mbele ya mjukuu wake kwamba ningemzamisha. Na kumzamisha yeye ni kumfuta na yule wa bara, na Babu, na Baba, na Shangazi na ungo wake. Dana alilijua hilo, ndiyo maana hata Rufus alipomtaka Alice, mwanamke aliyezaliwa huru akatiwa utumwani, Dana alikubali kumpelekea maneno, kwa sababu mtoto wa Alice ndiye bibi aliyeuzaa ukoo wao. Hilo ndilo lililowatia watu hasira Jumapili, na wana haki. Nami bado lanitia hasira. Lakini hasira ya ukumbini, una kikombe mkononi, ni rahisi mno. Nilisoma usiku ule kwamba Butler alikianza kitabu hiki kwa sababu ya kijana mmoja chuoni aliyekuwa akisema angependa kuwaua wazee wote waliorudisha maendeleo nyuma kwa unyonge wao, ila hawezi kwa sababu ingembidi aanze na wazazi wake. Mama yake Butler alikuwa mtumishi wa ndani. Nikaifunga simu.

Jumatatu mpaka Jumatano zikapita: barua ya kupandishwa daraja imetoka, alhamdulillahi, na Khamis keshapanga tarehe ya harusi yake.

Jana usiku nilikuwa namkanda Shangazi miguu, nikashindwa kustahimili. "Shangazi, Jumapili ulikuwa ukinijibu mimi?"

"Nikujibu nini?"

"Habari ya kuzama. Na tambi."

Akanitazama kama nimemuuliza bei ya ndege. "Mwanangu, tambi zilikuwa zinapoa, nyie mnapiga domo."

Basi. Siku tatu zangu zote zile! Nikataka kucheka, nikaogopa vicheko, nikaendelea na kisigino. Kimya kikapita, kisha yeye mwenyewe: "Wale watoto wa yule mwanamke, walimrithi baba yao?"

Nikamwambia sivyo kule. Mtoto alimfuata mama. Walikuwa watumwa wa baba yao.

"Kwetu Babu yako alirithi."

"Ndiyo, Shangazi." Nilijua kitakachofuata huwa ni kwamba kwetu mambo yalikuwa ya upole, na nilikuwa nishakunja uso kwa sababu siyapendi maneno hayo. Hakuyasema.

"Nilimkuta, bibi. Macho yameshakwenda. Kila asubuhi akinipapasa uso, apate kujua ni mimi. Wakimwita Zafarani."

"Jina la kwao nani?"

"Nilikuwa mtoto. Sikumuuliza."

Nilikuwa nimeshika mguu wake na sikujua niuweke wapi. Miaka yote hii nilidhani wanalificha, kumbe hata wao hawanalo. Nikafikiri tutalia sote wawili, lakini Shangazi kaupindua mguu wa pili kunipa, akasema, "Ehe, mwishowe yule kiti kafanyaje? Jumapili mlinikatia."

Nikamweleza: Rufus anamkamata Dana kwa nguvu, Dana anampiga kisu, anavutwa kurudi, ila Rufus hajauachia mkono wake. Akifika kwake mkono umebaki ndani ya ukuta. Umekatika.

"Mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Afadhali," akasema Shangazi. "Wa kulia atalia chakula."

Tulicheka mpaka kaomba maji. Hiki cha jana hakiniwashi.

Nimekaa kuandika haya kwa mwanga wa simu, asilimia kumi na moja imebaki. Umeme umekatika tangu magharibi, na kwenye friji kuna kilo nne za pweza ambazo Khamis kaniwekea amana hadi Jumamosi, wakwe wake wakija. Nimeshafungua mara mbili kunusa. Naambiwa kila ukifungua ndivyo unavyoharibu.