Ziwa iko ndani ya samaki vuguvugu

Ndani ya samaki vuguvugu kuna ziwa (4).

Usikimbilie jibu, kaa nayo kwanza. Wengi nikibapatia hii fumbo banaanza kufikiria sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, juu akili ya mutu wa Bukavu ikisikia samaki na ziwa pamoja inaenda moja kwa moja ku sambaza, na njo pale nilitaka iende. Lakini hapa samaki haiko chakula, ni herufi tu. Andika yale maneno mawili bila kuacha nafasi, samakivuguvugu, angalia katikati: sama-KIVU-guvugu. Neno "ndani ya" lilikuwa linakuambia ukweli toka mwanzo, na "ziwa" njo maana ya jibu, na ile namba 4 ni hesabu ya herufi. Hakuna neno hata moja limekaa bure.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulizoea mokrwaze ya Bafaransa, ile ya kujaza maneno mu visanduku na biki, na ni muzuri, sikatai. Iko moja ya Tristan Bernard, mwandishi Mufaransa, inajulikana sana, kwa lugha yetu ingekuwa hivi: inatoa vitu mu benwari (beseni ya kuogea) na kujaza lavabo (beseni ya kunawia). Unafikiria plombye (fundi wa bomba), maji, robine... kumbe jibu ni ANTRAKTE, ile mapumziko katikati ya teatre, juu benwari kwa Kifaransa ni pia vile vyumba vidogo vya kukaa mu teatre, na mapumziko ikifika batu bote banatoka mule banaenda kujaza lavabo, maana yake choo. Unacheka, kweli. Shida ni kwamba mbele ya kuona jibu hauna kamba ya kushika, ni kuotea tu mpaka herufi za maneno mengine zikusaidie.

Bangereza banafanya ingine, na mi nasema ya kwao ina haki zaidi. Kila fumbo iko na sehemu mbili: maana ya jibu, ambayo inakaa mwanzo ao mwisho, na mchezo wa herufi ambao unakupeleka ku jibu lile lile kwa njia ingine. Kwa hiyo ukipata, unajua umepata, hauitaji kungojea gazeti ya kesho. Mu gazeti ya Observer kulikuwa mutungaji aliyejiita Torquemada, alianza 1926, na alipokufa 1939 nafasi yake ilichukuliwa na mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, Derrick Macnutt, yeye akajiita Ximenes (yote mbili ni majina ya bakubwa ba ile mahakama ya Kanisa kule Espanye iliyokuwa inatesa batu, angalau hawakutuficha nia yao). Sheria za Ximenes banazifupishaka hivi: maana sawasawa, mchezo wa haki, na hakuna kitu kingine. Hiyo ya tatu njo ngumu. Kuongeza neno kwa kupendezesha ni rahisi, kulitoa inauma.

Sasa hii hapa nilipelekea papa mmoja jirani kule Nguba, hapa Bukavu, mwalimu wa zamani, mutu wa mokrwaze kabisa:

Mke mdogo wa Adamu anatuamsha asubuhi (6).

Akaiangalia, akatoa miwani. "Mwanangu, Adamu alikuwa na mke mmoja tu, enda usome Mwanzo."

"Papa, uache Biblia, uangalie neno mdogo."

"Mdogo ni mdogo."

"Sisi huku tukitaka kusema mtoto mdogo tunasemaka nini?"

"Katoto." Akanyamaza. Kisha: "Ka... ka-Hawa. KAHAWA! Aaa, wewe ni muongo wa kweli!"

Muongo hapana. Hawa ni mke wa Adamu, ka ni udogo, na kinachotuamsha asubuhi tunakijua. Mi sikudanganya hata neno moja, ni yeye mwenyewe alikimbilia kwa bibi wa pili.

Kitu nilichokigundua nikitunga ni kwamba Kiswahili kiko kizuri sana kwa kuficha, juu silabe zetu zinamalizikaka na vokali, ukiunganisha maneno mawili tu neno la tatu linazaliwa katikati. Lakini kwa kugeuza neno nyuma-mbele ni mateso. Geuza samaki utapata ikamas, haina maana yoyote. Ili neno ligeuke vizuri lazima lianze pia na vokali, na hayo si mengi sana. Ndiyo maana nilipoipata hii nilizunguka nayo siku nzima: Inama ukirudi nyuma, tunaiombaka kila siku (5). Soma INAMA kutoka mwisho, unapata AMANI. Mu Kivu hii sina haja ya kueleza sehemu ya maana.

Ingine iko fupi: Kazi imeharibika, peleka kaburini (4). Ni ZIKA. Ile "imeharibika" njo inakupa ruhusa ya kuvuruga herufi za kazi. Rafiki yangu mmoja alitaka niitoe ati fumbo ikuwe ngumu zaidi, nikakataa. Bila lile neno, nani alikuambia uvuruge? Ngumu ni sawa, wizi hapana.

Na kwa ule anayependa kubishana, hii ya mji wetu: Ukavu kwa kinywa chetu, mu mji wa matope (6). Unga sisi tunasema bunga, usiku tunasema busiku, basi ukavu itakuwa... ehee. Kijana mmoja wa Lubumbashi alisema haihesabike juu haiko Kiswahili sanifu. Nikamwambia ndiyo sababu niliandika "kwa kinywa chetu", nimekuonyesha mlango na bado unaruka dirisha.

Batu ba Goma musinune, yenu iko pia, na rahisi kabisa: Ngoma ikikatwa kichwa, mji unabaki (4). Hiyo sielezi.