Gari la rimoti 1/10: vipande vilivyogoma na vilivyokubali

Hali ya mradi leo: chesisi imesimama, magurudumu yote manne yanazunguka bila kukwaruza, mota na sevo (kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele) zimefungwa. Bodi bado haijapigwa rangi. Ni seti ya vipande vya kuunganisha mwenyewe, ya kipimo cha 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi), magurudumu manne yanasukuma kupitia shafti moja ya katikati, na karibu kila kitu ni plastiki. Kazi inafanyika Shangani, Mtwara, karibu na bahari, na jambo hilo lina athari zake.

Zana zilizotumika: koleo la kukatia waya, kisu chenye wembe mpya, drili biti ya mm 3 na ya mm 2.5, msasa namba 400 na 800, kipande cha kioo cha dirisha, chaki ya shule, sabuni ya mche na venia kalipa (ya kupimia unene) ya bei nafuu. Tupa ilikuwepo mezani ila haikuguswa siku tatu za kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Kipande kikigoma, kwanza kijulikane kinagusa wapi. Anayeanza na tupa huishia kupunguza upande usio na kosa, halafu kipande kinabana kulekule kilikokuwa kinabana huku upande wa pili ukichezacheza.

Jioni ya kwanza: kukata vipande kwenye fremu

Vipande huja vimeshikana kwenye fremu ya plastiki, na nusu ya matatizo ya kutokaa sawa huzaliwa hapa. Kipande kikikatwa mara moja, karibu kabisa na mwili wake, koleo huvuta plastiki na kuacha shimo dogo au doa jeupe. Kikikatwa mbali, kinabaki kisiki. Kata mara mbili: ya kwanza iache mm 3, ya pili iache chini ya mm 1, kisha wembe umalizie kwa kunyoa, si kwa kusukuma.

Visiki vibaya zaidi ni vile vya kwenye nyuso zinazokutana: viti vya beringi, ncha za mikono ya saspensheni, mdomo wa kasha la difu (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto). Kisiki cha robo milimita kwenye mdomo wa difu kinatosha kuacha mwanya ambao grisi itapitia. Kagua pia zile ndevu nyembamba kwenye mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Macho hayazioni vizuri usiku, kucha inazisikia.

Jioni ya pili na ya tatu: mikono ya saspensheni

Kipimo hapa hakihitaji chombo. Funga mkono kwa pini yake bila shokapu, uinue hadi ulale sawa, uachie. Lazima uanguke wenyewe kwa uzito wake. Mikono miwili ya nyuma ilianguka. Wa mbele kushoto ulishuka polepole kama mlango wenye kutu. Wa mbele kulia ulibaki hewani.

Kwa wa kushoto, kosa lilikuwa ndani ya tundu. Pini ilisoma mm 3.00 kwenye kalipa, na tundu lilikuwa jembamba kidogo mwishoni, upande plastiki ilikoingilia wakati wa kumiminwa. Biti ya mm 3 ilishikwa kwa vidole na kuzungushwa kwa mkono, mizunguko minne au mitano, ikitolewa kila mara kumwaga unga. Usitumie drili ya umeme. Inapasha joto, plastiki inayeyuka na kushikana na biti, na tundu linatoka pana na la mviringo wa yai. Tundu likishapanuka hakuna kulirudisha.

Baada ya biti, pini ilipakwa dawa ya meno nyeupe kidogo na kuzungushwa ndani ya tundu kwa dakika moja. Dawa ya meno ina chembe laini za kusugulia, inang'arisha tundu bila kulipanua kwa kiasi cha kuonekana. Baadaye osha kwa maji na sabuni, pini na mkono pia, la sivyo chembe hizo zitaendelea kula plastiki kila gari linapotembea.

Wa kulia ulikuwa na hila nyingine. Pini ilipita ndani ya tundu kwa ulaini kabisa, lakini mkono ukiwa umefungwa kwenye chesisi haukusogea. Hapo tatizo haliko kwenye tundu, liko pembeni, pale ncha za mkono zinapokaa kati ya kuta mbili za chesisi. Plastiki ni nyeusi, kalamu ya wino haionekani, kwa hiyo ncha zote mbili zilisuguliwa chaki. Mkono ukarudishwa, ukachezeshwa juu na chini mara kumi, ukatolewa. Ncha ya nyuma ilibaki nyeupe yote. Ya mbele ilikuwa nyeupe isipokuwa doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya mtama, kwenye kona ya chini. Hapo ndipo penyewe. Msasa namba 400 uliwekwa juu ya kioo, ncha ikasuguliwa mara sita, chaki tena, kipimo tena. Raundi tatu, mkono ukaanguka. Mwanya unaotakiwa ni kati ya mm 0.1 na 0.2, ukizidi, gurudumu litabadili uelekeo lenyewe likipiga breki.

Pini ni chuma, na hewa ya chumvi ya hapa haina huruma. Pini iliyoachwa mezani bila kufutwa huota madoa ya kutu, na kutu hufanya kazi ya msasa ndani ya tundu lililotengenezwa kwa taabu. Zifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, kisha kwa kitambaa kikavu. Mafuta yakibaki, mchanga utashika.

Boljointi

Fimbo za stelingi, zinazoshikwa na boljointi (gololi ndani ya kikombe), zilikuwa ngumu. Kikombe cha plastiki kikibana gololi kupita kiasi, sevo inafanya kazi ya ziada na gari halirudi katikati. Kikombe kikiwa juu ya gololi, kibane taratibu kwa koleo lenye meno laini, zungusha robo, bana tena. Mara nne zinatosha. Ikilegea, badilisha kikombe; gundi hairekebishi.

Jioni ya nne: skrubu

Kwenye seti hii kuna skrubu za aina mbili zinazofanana kwa unene, mm 3 zote: zenye meno mapana za kujichongea njia kwenye plastiki, na zenye meno ya karibukaribu, mm 0.5 kati ya jino na jino, za kuingia kwenye chuma au nati. Ukizichanganya, tundu limekwisha. Pia vichwa vya seti za Kijapani hufuata kipimo cha JIS (viwango vya Japani). Bisibisi ya nyota ya kawaida huruka na kukila kichwa.

Skrubu ya kujichongea ipakwe sabuni ya mche kwenye meno. Ingiza mizunguko miwili, rudisha nusu, endelea. Ukiwa unaifunga kwa mara ya pili, izungushe kwanza kinyume hadi usikie inadondoka kidogo kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Usipofanya hivyo inachonga njia mpya juu ya ile ya kwanza, na baada ya kufungua mara tatu tundu halishiki.

Tundu moja lilikufa. Dawa yake: safisha sabuni yote kwa spiriti, chonga kijiti kutoka kwenye fremu iliyobaki (plastiki ileile), kipake supaglu tone moja, kisukume ndani. Supaglu hukauka kwa unyevu wa hewani, na Mtwara unyevu upo wa kutosha, kwa hiyo usijipe muda wa kusitasita. Kesho yake toboa kwa biti ya mm 2.5 kwa mkono na ufunge skrubu.

Beringi, gia na chesisi

Beringi ni 11 × 5 × 4. Izungushe kabla ya kuiweka na baada ya kuiweka. Ikianza kukwama baada ya kuingia, beringi haina kosa. Kiti chake kina ndevu. Kwangua kwa wembe. Ekseli iliyokuwa ikitembea kulia na kushoto ilihitaji washa ya mm 0.1, na ukuta wa kopo la soda una unene wa karibu hivyohivyo. Kipenyo cha nje kisizidi mm 7, kwa sababu washa ikigusa ringi ya nje ya beringi inageuka kuwa breki.

Gia ya mota na gia kubwa: weka ukanda wa karatasi ya daftari katikati, sukuma mota ibane, kaza, zungusha gia ili karatasi itoke. Itoke na mikunjo bila kuchanika. Rudia sehemu tatu za gia kubwa, maana gia za plastiki si duara kamili. Pima pale inapobana zaidi.

Chesisi kwenye kioo ilitikisika kona moja. Skrubu zote za sehemu ya juu zililegezwa, chesisi ikabanwa kwenye kioo, zikakazwa kwa mtindo wa msalaba, kidogokidogo. Mtikisiko ukaisha. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, itapinda tena.

Pembe ya sevo (mkono mdogo unaovikwa kwenye shafti yake) ilikuwa kosa la kununua: shimo lenye meno 23 kwa sevo ya meno 25. Kati ya kampuni za sevo, kwa kawaida Futaba hutumia 25, Hitec 24, Sanwa 23. Hakuna kulazimisha hapo, tafuta inayolingana.

Kilichobaki ni bodi. Tairi la mbele kulia linagusa ukingo stelingi ikikatwa mwisho, na chaki imeshaonyesha wapi: kama mm 2 za kukata kwa mkasi, kabla ya rangi.